Maneno Yaliyotiwa Kinywani mwa Kimulimuli

Siku Tusekile aliposema ndiyo, nilitoka nje nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia migombani. Sioni haya kusema. Mtoto wa miaka kumi na mmoja kasimama mbele ya sahani yake ya ndizi, kafuta mdomo kwa kiganja, kasema, "Nimeamua. Nitampa Lwitiko uloto wangu." Kisha akakaa, akaendelea kula kama mtu aliyeomba chumvi.

Baba yake aliweka kijiko chini. Lwitiko mwenyewe, ambaye ndiye mgonjwa, akauliza kama lile paja la kuku lililobaki lina mwenyewe.

Uloto ni ule ute mwekundu ulio ndani ya mfupa, ndiko damu inakopikwa. Uloto wa Lwitiko tangu kuzaliwa unapika damu yenye chembe zilizopinda kama mundu. Zikikwama kwenye mishipa, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Ana miaka saba na amevaa bangili ya hospitali inayosoma damu yake kupitia ngozi: kijani, salama; njano, chemsha maji na umfunike. Mwaka jana chembe zilikwama kichwani. Mdomo wake ukaenda upande, ukarudi, na Daktari Nyamizi wa Mbeya hakutuficha: kiharusi cha pili kikija, huenda kisirudishe kitu. Dawa ni uloto wa mtu anayefanana naye kwa vipimo. Tulipimwa ukoo mzima, mpaka mashangazi wa Kyela. Aliyefanana naye ni mmoja, dada yake.

Na dada yake alikuwa amekataa. Daktari alikuja na picha, akamweleza vizuri: utalazwa usingizi, sindano itaingia nyuma kwenye mfupa wa nyonga, ukiamka mgongo utauma siku chache, na uloto wako utaota tena kama mchai unavyochipua ukichumwa. Tusekile akaitazama ile sindano kwenye picha, akaingia uvunguni mwa kitanda. Mchungaji alikuja akapiga magoti kumbembeleza. Mtoto akamwambia kutoka kule chini, "Shikamoo Mchungaji," basi, hakuongeza neno.

Kwa hiyo mnielewe furaha yangu. Nilimwambia mwenye maziwa, nikaiambia kwaya nzima. Droni ya dawa iliposhusha mfuko wa Lwitiko uwanjani, nayo nikaiambia. Ni mashine, najua. Nilisema, "Mwanangu amekubali," ikapaa ikaenda zake Mbeya, na mimi niliona kama imebeba habari.

*

Jumapili mvua ilikuwa ya kwetu Tukuyu, ile isiyo na haraka. Nikamwambia Tusekile, "Leo shujaa ni wewe. Chagua tufanye nini."

"Tuangalie Kimulimuli. Msimu wa tatu. Wewe na mimi tu."

Nilifurahi mara mbili, maana Kimulimuli ni wangu. Nilimjua kabla yake.

Nilipokuwa na umri kama wake, nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha kuonyeshea picha: mabenchi, bati, televisheni moja juu ya kreti. Katuni ya Kimulimuli ilikuwa ya ng'ambo, inasema lugha ambayo mjini kwetu hakuna aliyeijua, hata Bosko, mkalimani wetu, hakuijua. Lakini alikaa pale kando ya televisheni na kipaza sauti chake, karanga shavuni, akatutafsiria. Jina Kimulimuli alilitoa yeye, kwa kuwa yule binti wa kwenye katuni mikono yake huwaka. Adui yake, Mfalme Masizi, alimpa jina yeye vilevile. Kisa kikimpotea, Bosko alisema, "Hapa wanasalimiana." Hata mtu akiwa anakabwa koo, wanasalimiana. Tulimrushia maganda ya karanga, "Bosko muongo!" Naye anasema ndani ya kipaza sauti, "Atakayetupa tena, Kimulimuli anapajua kwao."

Miaka imepita, kampuni moja ikaifufua katuni ile. Siku hizi huhitaji televisheni. Unanunua pazia, kitambaa tu, unakitundika ukutani kinageuka picha. Na katuni zenyewe ni hai. Kimulimuli anamwita mtoto kwa jina, anakumbuka walichoongea jana, anauliza mtihani wa hesabu umekwendaje. Kisa kinajipinda kidogo kufuata siku ya mtoto: ukigombana na rafiki yako shuleni, jioni Mfalme Masizi naye anagombanisha marafiki wawili mjini kwake. Nilipoona msimu wa tatu unauzwa niliununua bila kuuliza mtu. Wengine wanarithisha ng'ombe. Mimi nikamrithisha binti yangu shujaa.

Basi tukakaa, blanketi moja magotini, na kila picha ilipokuja nilikuwa namtangulia. "Sasa daraja litavunjika." Linavunjika. "Sasa mbwa atarudi." Anarudi. Tusekile akanisukuma kwa kiwiko. "Mama, unaharibu!"

Ikafika ile sehemu ya tanuri.

Sehemu hiyo siijui kwa maneno, naijua kwa kimya chake. Mji mzima uko gizani unamngoja Kimulimuli auwashe mnara. Yeye amechoka, anaogopa, anakimbia. Anaingia ndani ya tanuri lililopoa la mwoka mikate, anajikunja. Mwoka mikate anapita, anamwona. Hamwiti wala hamwambii kitu. Anausogeza mlango wa tanuri kidogo ili upepo usimpige, anarudi kukanda unga wake. Inakwenda hivyo muda mrefu, hakuna anayesema. Kule kibandani Bosko alitutazama, akatazama picha, akaweka kipaza sauti kwenye magoti. Siku ile hata yeye hakuwasalimianisha. Tulisikia mvua juu ya bati, na watoto tuliojaa mle ndani hakuna aliyekohoa. Halafu Kimulimuli anatoka mwenyewe, bado anatetemeka, anakwenda mnarani.

Nilikuwa nakingoja kimya hicho. Nilitaka mwanangu nimpe na hicho.

Kimulimuli akaingia tanurini, akajikunja. Mwoka mikate akapita. Kisha Kimulimuli akageuza kichwa, akatutazama sisi.

"Tusekile," alisema kwa ile sauti yake ya kengele, "mwanga ukibaki kwa mwenyewe hugeuka moshi. Shujaa ana ndugu, na ndugu akiumwa, shujaa hutoa hata kilicho ndani ya mfupa. Kwa mantiki hiyo, anayeogopa sindano hawezi kuwa rafiki yangu."

Nilimtazama binti yangu. Midomo yake ilikuwa inayafuata maneno, moja moja, kama anasali.

"Huwa anasema hivyo?" nikauliza.

"Kila nikifika hapa. Mama, nyamaza, anaenda mnarani."

Chai yangu ilipoa mkononi. Tukuyu nzima mtu anayesema *kwa mantiki hiyo* namjua, maana ndiye niliyeolewa naye. Mume wangu ni katibu wa ushirika wa wakulima wa chai, na mikutano imemkaa mdomoni. Nyumbani anasema, "Chai haina sukari. Kwa mantiki hiyo, nipe sukari."

*

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakatakata vigogo vya migomba kwa ajili ya ng'ombe.

"Baba Tuse, umemwambia nini mtoto kwenye lile pazia?"

Panga likaendelea. "Pazia gani?"

"Tuna mangapi? Ile mantiki ni ya nani?"

Akacheka kwanza, kile kicheko cha mtu anayeangalia pa kutokea. Kisha akachomeka panga kwenye kigogo.

Pazia lina kitu kinaitwa Mlango wa Mzazi. Kampuni imeutangaza mpaka makanisani: mtoto hapigi mswaki? Hali mboga? Mzazi anaweka kidole gumba kwenye pembe ya kitambaa, anasema anachotaka mtoto aambiwe, na shujaa atakisema kwa sauti yake mwenyewe, mahali penye nafasi. Mtoto haoni mshono. Mimi sikuwahi kuugusa. Naogopa mlango usio na kitasa. Na nafasi, kama mnavyojua sasa, ni pale mahali pa kimya. Kimya chote cha msimu ule walikuwa wamekigeuza matundu ya kutilia maneno.

"Ulimbembeleza wewe," mume wangu alisema. "Mchungaji kabembeleza. Daktari kaja na picha. Kimulimuli kasema mara chache tu, mtoto kakubali. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba Kimulimuli hajasema."

"Kimulimuli ni katuni, Mama Tuse! Hajawahi kusema kitu! Hata huyo Bosko wako alikuwa anatunga."

"Bosko tulimwona! Alikaa pale, jasho linamtoka, karanga zinamrukia nje. Tulijua anayesema ni nani. Tulimzomea."

"Na bibi yako? Hakukwambia ukipiga mluzi usiku unaita nyoka? Ukikalia kinu mama yako atakufa? Ulikufa? Alikufa? Watu walilala, kinu kikabaki safi."

"Bibi nilimwona mdomo. Nilipokua nikajua ni yeye, nikamcheka, na yeye akacheka. Tuse akikua atamcheka nani? Umemwambia rafiki yake atamwacha."

 Akakaa juu ya kigogo, mtu mzima, suruali nyeupe ya kanisani, juu ya utomvu wa mgomba.

"Mimi sijui kubembeleza," alisema. "Najua kuongoza mkutano. Nilijaribu kumwambia mwenyewe, nikasikia nasoma ajenda." Kisha akaniangalia. "Sasa wewe nenda kamwambie. Akikataa, Lwitiko mdomo ukienda upande tena, utaushika wewe."

Hakupandisha sauti. Akainuka, akachomoa panga, akaendelea kukata.

*

Wazazi wenzangu, msinione mwepesi. Siku zile zote nilikuwa na sababu ya kunyamaza inayotembea nyumbani kwangu, ina jina, inaniomba maandazi. Kunyamaza tu, wala si kusema uongo. Uongo ulikwishasemwa. Mtoto keshakubali, kitanda Mbeya kimeshatengwa. Ningekaa kimya, kijana wangu angepona. Mama gani mwenye akili angefungua mdomo?

Lakini kuna jambo Daktari Nyamizi alitufundisha. Kabla ya kumpa mgonjwa uloto mpya, wanauua kwanza ule wake wa zamani, kwa dawa kali, wote. Kuanzia hapo hana kitu ndani ya mifupa. "Tukishaanza," alisema, "mtoaji akigeuka, tunampoteza mgonjwa. Ndiyo maana nataka ndiyo iliyokomaa." Nilijiuliza, hii "ndiyo" ya Tuse imekomaa? Je, akisikia ukweli dawa ikishaanza, kwa mtoto mwingine pale wodini anayejua Mlango wa Mzazi? Watoto wanajua kila kitu. Na hata asiposikia?

Jumatano bangili ikawa njano. Nilichemsha maji, nikamfunga Lwitiko miguu kwa vitenge vya moto, anajipinda, ameuma kona ya mto asipige kelele. Tusekile akaingia na chupa ya maji, akapiga magoti kando yetu. Ana mkono mwepesi mtoto huyu, anamsugua mdogo wake kama nesi wa siku nyingi. Nilikuwa namtazama kwa fahari.

"Vumilia mdogo wangu," alimwambia. "Naenda kutolewa uloto. Lazima niende. Nisipoenda, Kimulimuli ataniacha."

Mkono wangu ulisimama juu ya kitenge. Hakusema, nisipoenda utaendelea kuumwa. Alikuwa amelishika goti la mdogo wake huku anamwogopa binti wa kwenye kitambaa. Woga wa sindano haukuwa umemtoka. Baba yake alikuwa ameuwekea juu woga mwingine mkubwa zaidi, na sisi tukauita ushujaa, tukaupigia vigelegele. Mimi wa kwanza.

*

Nilimfuata shuleni kesho yake. Tulirudi kwa njia ya mashamba ya chai, kwenye ile miteremko ambako mashine za kuchuma hutembea kwa miguu mirefu kama korongo, zinainama, zinadonoa majani mawili na kichipukizi. Nilitaka mahali pasipo na pazia.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia Mlango wa Mzazi ni nini, nani alitia kidole, na kwamba msimu wa tatu wa zamani, mahali pale, hakukuwa na neno hata moja.

Alitembea kidogo, begi linampiga mgongoni.

"Kwa hiyo yule alikuwa baba."

"Alikuwa baba."

"Na aliponiambia mimi ni mwerevu kuliko alivyokuwa yeye darasa la sita? Ni baba?"

"Hilo sijui, mama."

"Na aliponiimbia nilipougua mafua?"

"Sijui, Tuse. Kweli sijui."

Hilo ndilo lililomliza. Sindano aliisahau kabisa pale. Alilia kwa sababu alianza kuhesabu kila jambo zuri aliloambiwa na rafiki yake, na hakuna hata moja aliloweza kuliokota akasema hili ni lake. Nawaonya kwa hilo zaidi ya yote: kidole kile kikishaingia mara moja, mtoto hajui tena nani alimpenda.

Tulipofika nyumbani alilivuta pazia mpaka misumari ikang'oka, akaliviringisha, akalitupa nje kwenye mvua. Baba yake alikuwa mlangoni anavua mabuti.

"Sitoi," alimwambia. "Nendeni mkamwombe Kimulimuli atoe."

Akapita.

Mume wangu hakunisema. Ingekuwa afadhali angenisema. Siku mbili alikula, akaenda ushirika, akarudi, na kila Lwitiko alipokohoa alinitazama. Nilikuwa sili. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sitayarudia. Lakini nilipojiuliza kama ningeyarudisha yale niliyosema shambani, nilikuta mdomo wangu unakataa.

Jumamosi asubuhi Tusekile alimkuta baba yake anafunga ng'ombe.

"Baba, sema."

"Niseme nini?"

"Ulichotaka kuniambia. Kiseme na sura yako."

Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Nilimwona mume wangu akishika kamba ya ng'ombe kwa mikono miwili kama anashikilia meza kuu. Alianza, "Ndugu..." akaacha. Akaanza tena. 

"Naogopa Lwitiko atakufa," alisema. "Nakuogopea na wewe. Usiku nasikia ile sindano mimi mgongoni. Na sikujua namna ya kukuomba kitu kikubwa hivyo, kwa sababu wewe ni mtoto, na mimi ndiye wa kukupa wewe vitu." Akajifuta kwa bega. "Na kwamba ataacha kuwa rafiki yako, lile lilikuwa baya. Nisamehe."

"Na kwamba mimi ni mwerevu kuliko yeye?"

"Hilo si langu," alisema. "Ila ningelifikiria ningelisema."

Tusekile akafikiri. "Nimekusikia," akamwambia, kama mkubwa anavyoahirisha kesi. Kisha akaingia ndani kwa Lwitiko.

Aliyekuwa hajasemeshwa na mtu yeyote katika habari hii yote ni mgonjwa mwenyewe. Tulizungumza juu ya kichwa chake kama juu ya meza. Nilikwenda kusimama nyuma ya mlango. Nisameheni, ni wanangu.

"We Lwitiko. Unautaka uloto wangu?"

"Mimi hawajaniuliza."

"Ndiyo nakuuliza."

"Sindano yako ni kubwa?"

"Kubwa. Kama ile ya ng'ombe."

"Itakuuma?"

"Nikiamka. Na nyonga itakuwa kama nimepigwa teke."

"Aah." Nilimsikia anajigeuza kitandani. "Halafu nitakuwa na damu ya kike?"

"Utakuwa na damu yangu. Utaanza kuamka mapema unafagia uwanja."

"Basi sitaki!" Wakacheka wote wawili, mpaka Lwitiko akashikwa na kifua. Alipotulia alisema polepole, "Dada, mimi nimechoka kuumwa. Lakini usipotaka, bado utanisugua miguu?"

"Nitakusugua."

"Hata ukikataa?"

"Nimeshasema nitakusugua, mbona unarudiarudia?"

Hakumpa jibu jingine siku ile, wala mimi sikuuliza. Kutouliza kulikaribia kuniua.

*

Mbeya wana utaratibu wao. Kabla ya dawa kali kuanza, daktari anakaa na mtoto anayetoa peke yake, mlango umefungwa, wazazi nje. Akikataa mle ndani, wazazi wanaambiwa vipimo havikulingana, hawajui kamwe. Tuliambiwa hivyo wazi, na mimi nilipiga saini. Kwa hiyo mlango ule ukifunguliwa daktari akasema vipimo havikulingana, ningebaki maisha yangu yote nikijua na nisijue.

Tulikaa kwenye benchi la bati, mimi na mume wangu, Lwitiko katikati na bangili yake. Korido nzima ina mapazia. Kimulimuli anapunga mkono kwa kila mtoto anayepita, anawaita majina. Lwitiko naye aliitwa. Alimpungia, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu sijui ni baba wa nani."

Muda ulipita mrefu. Mume wangu alisimama, akakaa. Nilijiambia: akikataa, nitampenda, nitampikia, nitamzika mmoja na kumlea mwingine, na wala hataona machoni pangu. Nilijiambia hivyo na sikujiamini.

Mlango ukafunguka. Daktari Nyamizi alitoka ameshika miwani mkononi.

"Mama Tusekile," alisema, "mwanao amenihoji mimi. Kaniuliza kama nimeshawahi kuchomwa ile sindano. Nikasema hapana. Kaniuliza, sasa wewe unajuaje."

"Vipimo..." mume wangu akaanza.

Tusekile alitokea nyuma ya koti la daktari. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Nimekubali," alisema. "Nimemwambia daktari naogopa. Alitaka kuniambia nisiogope, nikamwambia asiseme hivyo, aandike tu."

"Nimeandika," daktari alisema. "Yote mawili."

"Hakuna aliyenituma," mtoto akaongeza, akimtazama baba yake, kisha mimi. "Nimefikiri mimi. Ni mdogo wangu mimi."

Halafu akakaa sakafuni. Akaanza kulia pale kwenye korido, kilio kikubwa cha mtoto mdogo, kamasi na kila kitu, na Kimulimuli kwenye pazia la karibu akaanza kumwita kwa jina ambembeleze. Nilimnyanyua. Mkubwa vile, anakaribia kunifikia bega, miguu yake inaburuza, kiatu kimoja kikabaki nyuma Lwitiko akakiokota. Sikumwambia anyamaze. Nilimbeba korido nzima, mbele za manesi na wagonjwa, na kila aliyeniuliza huyu binti ana nini, nilimjibu kwa sauti, ili na wa mwisho kule asikie:

"Anaogopa. Na amekubali."